Chatu ana presha? Dalili za mishipa ya damu kwa nyoka wanaofugwa, na pa kuanzia

"Shikamoo mzee. Chatu wetu amekuwa mwekundu tumboni. Si presha hiyo?"

Simu za namna hii hunifikia zaidi kwa vipindi viwili: Juni na Julai, baridi ya Arusha inapobana, na Januari hadi Machi, bati za Moshi zinapowaka. Wanaopiga ni vijana wanaohudumia nyoka wa maonyesho, watu wachache wenye vibali vya kufuga, na mara moja moja kijana aliyekabidhiwa funguo za banda bila maelezo yoyote. Kuhusu presha huwa nawajibu hivi: ndiyo, nyoka anayo. Tena vidonge vya captopril anavyomeza babu yako kushusha ya kwake vilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil, jararaca. Ila kwa miaka yote niliyofagia mabanda haya, nyoka aliyeugua presha kama babu sijamwona. Niliowaona ni nyoka ambao mishipa yao ilikuwa inafanya kazi yake barabara, ndani ya banda lililoharibika.

Nimepanga dalili kama mnavyozieleza kwenye simu. Katika kila dalili, sababu ya kawaida inatangulia na ya nadra inakuja mwisho.

Mfongo mmoja, mashamba mengi

Mtu wa Uchagani atanielewa haraka. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hayatoshi mashamba yote kwa wakati mmoja. Mlango unafunguliwa kwa huyu, unafungwa kwa yule, watu wanakwenda kwa zamu. Damu ya nyoka nayo inagawanywa hivyo. Ateri ndogo, mishipa inayotoa damu moyoni, zina misuli kwenye kuta zake. Neva na adrenalini zikiikaza misuli hiyo, mlango unafungwa. Ukuta wa mshipa wenyewe ukitoa oksidi ya nitriki, misuli inalegea na mlango unafunguka. Kwenye mishipa mikubwa karibu na moyo kuna vihisi vya presha. Ikishuka, moyo unaongezwa kasi na mishipa ya pembeni inabana. Ikipanda, mambo yanageuka.

Hadi hapo mtu na nyoka ni ndugu. Wanapoachana ni mahali pawili. Moyo wa nyoka una vyumba vitatu, na ventrikali yake moja, chumba kinachosukuma damu, haijagawanyika kabisa, kwa hiyo damu inaweza kupelekwa kwa wingi pafuni au kulikwepa, kutegemea mishipa ya pafu imebanwa kiasi gani. Nyoka aliyetulia bila kuvuta pumzi kwa dakika kadhaa hajafa. Neva ya vagasi imebana mlango wa pafu na damu inazunguka kwingine. (Chatu ana upekee wake: ndani ya ventrikali yake kuna ukuta unaoziba vizuri moyo unapopiga, hata presha ya damu iendayo mwilini inakuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya pafuni.) Jambo la pili mnalijua: nyoka hana moto wa ndani. Joto lake analiokota nje, na mishipa ya ngozi ndiyo inayolibeba kuliingiza.

Ndiyo maana milango hii husikiliza zaidi mambo manne: joto, chakula, mkao na hofu. Karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinarudi kwa mojawapo.

Kabla hujafungua banda

Uwe na vipimajoto viwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, mizani, na daftari. Kipimajoto kimoja kilichobandikwa juu ya kioo hakikuambii kitu, kwa sababu nyoka halali juu ya kioo.

Vipimo vya kushika mwili ninavyovieleza ni vya chatu na nyoka wengine wasio na sumu. Kifutu, fira na koboko hawabonyezwi tumbo na mtu anayejifunza. Hao utawaangalia kupitia kioo au bomba la plastiki, mkiwa wawili, mmoja akiwa na simu na gari linalowaka. Ukiumwa, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, tulia, usichanje, usifunge kamba, nenda hospitali. Sumu ya kifutu inatoboa kuta za mishipa midogo, damu na maji vinavuja kwenye nyama, na kamba unayoifunga inazidisha uharibifu pale pale. Na kama hata kibali cha kufuga huna, anza huko. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuwasahau nyoka.

Dalili: tumbo limekuwa waridi au jekundu

Hii inaongoza kwa mbali.

Sababu ya kwanza ni nyoka kujiandaa kujivua gamba. Damu inaelekezwa kwenye ngozi inayojengwa, na magamba meupe ya tumbo yanaonyesha rangi hiyo kama pazia jepesi. Angalia macho: yakianza kuwa na ukungu wa bluu leo au baada ya siku chache, umepata jibu. Mwongezee unyevu, mwache.

Sababu ya pili ni sakafu ya moto. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nilishaunguza chatu. Ilikuwa Julai, nyoka alikuwa amepoa usiku kucha, nikawasha pedi ya joto chini yake bila thamostati nikaenda kunywa chai. Nyoka aliyepoa mishipa yake ya ngozi imebana. Damu haipiti pale kwa wingi, hivyo joto linaloingia halibebwi kwenda kwingine. Linabaki kwenye gamba lile lile mpaka linaiva. Naye haondoki, maana mgongo bado unamwambia ni baridi. Nilirudi nikakuta doa jekundu la ukubwa wa kiganja. Lilichukua miezi na kujivua mara tatu kupona. Kwa hiyo weka kipimajoto chini ya maranda, juu kabisa ya pedi. Kwa chatu, pa kujianika pawe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 25 hadi 27. Ukikuta 40, zima kwanza, maswali baadaye.

Hapo hapo kuna ndugu yake wa Moshi: banda zima limepata moto mchana chini ya bati. Nyoka ni waridi mwili mzima, anazunguka bila kutulia, kisha anafungua mdomo. Amefungua kila mlango wa ngozi akitafuta pa kutolea joto na hapapati. Mhamishie kivulini, mweke kwenye maji ya bomba ya kawaida yasiyofika kichwani, fungua hewa. Usimmwagie maji ya barafu. Baridi ya ghafla inabana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Akishindwa kujigeuza ukimlaza chali, hiyo ni dharura ya daktari, si ya ndoo.

Mnaofuga chatu jike aliyelalia mayai msiniite kwa hofu: jike wa chatu wa kusini huota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuwapelekea mayai joto hilo. Huyo anajua anachofanya. Dume wako aliyefungiwa kwenye sanduku la kioo hana hiari hiyo.

Sababu ya tatu ni maranda yaliyolowa. Magamba ya tumbo yanakuwa na vijipele vya maji, kisha kahawia, kisha yananuka. Kausha banda, weka magazeti, safisha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu atakayoielekeza daktari.

Sababu ya nne ni ya nadra kuliko zote lakini ndiyo inayoua: bakteria wameingia kwenye damu. Kuitofautisha na zile nyingine, bonyeza gamba jekundu kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Rangi ikififia na kurudi, damu bado imo ndani ya mishipa; mlango umefunguliwa tu. Isipofifia, damu imeshavuja nje ya mshipa. Vidoa vidogo vidogo vyekundu visivyofifia, vilivyotawanyika tumboni na pembeni mwa mdomo, pamoja na kulegea, ni vya daktari leo hii. Usianze antibayotiki iliyobaki ya kuku.

Dalili: amepoa, mzito, na ametapika alichokula

Wapigaji wa Arusha, hii ni yenu. Mji upo karibu mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai nyumba ya matofali yasiyopigwa plasta inapoa kama pango.

Usagaji wa chakula kwa nyoka unataka damu nyingi mno tumboni. Baridi ikiingia, moyo unapunguza mapigo, mzunguko unapungua, na sungura uliyemlisha juzi anaanza kuoza kabla hajasagwa. Nyoka anamtoa, na ana haki.

Kagua vitu vidogo kwanza. Luku iliisha usiku? Balbu imeungua? Kuna mtu alichomoa waya wa taa achaji simu? (Mara mbili nimekuta hivyo, na mara zote mbili hakuna aliyechomoa.) Mlango wa banda uko upande wa upepo? Kisha uliza alikula nini. Mnyama mnene kuliko sehemu pana ya mwili wa nyoka humshinda hata kwenye joto zuri. Kisha uliza nani alimshika ndani ya siku tatu baada ya kula. Hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inafunga mlango wa tumbo ili misuli ipate damu ya kukimbilia.

Kumpasha joto, nenda polepole, nyuzi mbili tatu kwa saa. Umeme ukiwa haupo, jaza chupa maji ya moto, zizungushie shuka, ziweke upande mmoja tu wa sanduku ili awe na pa kukimbilia. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba hicho hata kidogo. Moshi wake usioonekana unakamata damu ya nyoka kama unavyokamata yako, na mtaokotwa wote wawili.

Akishatapika, mpe maji na joto, usimpe chakula siku 10 hadi 14, kisha mlo nusu ya kawaida yake. Akitapika mara ya pili joto likiwa sahihi, hapo si baridi tena. Minyoo, vijidudu vya tumbo au uvimbe vinahitaji kipimo cha kinyesi na mtu wa kukisoma.

Dalili: anazimia akiinuliwa

Mgeni anataka picha. Kijana anamshika nyoka shingoni, anamwinua mwili ukining'inia wima, na baada ya dakika nyoka amelegea kama mshipi. Watu wanapiga makofi wakidhani ametulia.

Mwili mrefu uliosimamishwa wima ni kama mpira wa maji uliojaa: uzito wote unakwenda chini. Damu inajikusanya mkiani, inayorudi moyoni inapungua, presha ya kichwani inaanguka. Nyoka wa kupanda miti wamejipanga kwa hilo. Miili yao ni myembamba na ngozi imekaza, moyo uko karibu na kichwa, presha yao ya kawaida ni ya juu, na wanapopanda wanajinyonganyonga ili misuli isukume damu kurudi juu. Nyoka wa baharini wako upande mwingine kabisa. Wamezoea maji yanayowabana kutoka nje, moyo wao uko karibu zaidi na katikati ya mwili, na ukiwasimamisha hewani damu inashuka bila wa kuizuia. Roger Seymour na Harvey Lillywhite walilinganisha presha za nyoka wa mazingira tofauti na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Tangu hapo anayemning'iniza nyoka wa ardhini hana kisingizio. Kifutu, yule mnene wa kulala njiani, hakuumbwa kwa ngazi.

Mlaze chini, mwili ulionyooka, chumba kimya. Kama tatizo ni mkao tu, ataanza tena kutoa ulimi ndani ya dakika chache.

Asiporudi haraka, au akizimia hata kwa kuinuliwa kidogo, fikiria upungufu wa maji. Damu yenyewe imepungua, hata milango yote ikifungwa presha haipandi. Vuta ngozi ya ubavuni: ikibaki na mkunjo, mate yakinata, macho yakiwa yamedidimia, mwogeshe kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30 yasiyozidi nusu ya unene wake, dakika 20, ukiwa umekaa hapo hapo. Rudia kesho. Baada ya siku mbili bila nafuu anahitaji maji kwa sindano, na hiyo si kazi yako.

Sababu ya mwisho ni moyo wenyewe. Tafuta uvimbe usiohama kwenye robo ya kwanza ya mwili kutoka kichwani, mahali ambapo mlo ungekuwa umeshapita. Usiukande wala usiusukume. Peleka nyoka alivyo.

Dalili: moyo unadunda mpaka unaonekana, baada ya kula

Hii ni afya. Chatu aliyekula mnyama mkubwa moyo wake unapiga kasi kwa siku kadhaa, na mishipa ya utumbo iko wazi kabisa. Histamini, ile ile inayokuwashisha wewe ukiumwa na nyuki, ni mmojawapo wa wanaouongezea moyo kasi hapo. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba ventrikali ya chatu wa Burma iliongezeka uzito kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo. Watafiti waliofuata hawakulipata ongezeko hilo kila mara, lakini kazi kubwa ya moyo haina ubishi. Mwache. Funika kioo kwa gazeti. Ukiona pia anahema mdomo wazi na mapovu puani, hilo ni pafu, na daktari asisubiri mlo uishe.

Dalili: jicho lina ukungu au mistari myekundu

Nyoka hana kope. Ana kioo cha gamba kilichoziba jicho, na ndani ya kioo hicho kuna mishipa. Mwaka 2013 Kevin van Doorn na Jacob Sivak wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha jambo ambalo bado linanifurahisha: nyoka aliyetulia huifungua na kuifunga mishipa hiyo kwa zamu, lakini akihisi hatari damu inasimamishwa kwa muda mrefu zaidi ili aone vizuri. Yaani ukimsogelea kumkagua jicho, anakufutia ushahidi. Mkague kwa mbali, kwa kurunzi hafifu.

Wakati wa kujivua damu hupita humo mfululizo, na ukungu ni wa siku chache tu. Ukibaki baada ya ngozi kutoka, kioo cha zamani kimekwama: taulo yenye unyevu, sanduku la joto, subiri ajivue tena. Usikibandue kwa kucha wala kibano, utaondoka na kipya kilicho chini. Vidoa vyeusi vinavyotembea pembeni mwa jicho ni utitiri. Jicho moja likivimba na kuwa jeupe kama maziwa, kuna usaha chini ya kioo, na kuufungua ni upasuaji.

Dalili: ncha ya mkia imekuwa nyeusi

Pete za ngozi kuukuu zilizobaki mkiani hubana kama raba iliyofungwa kidoleni. Vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni yenye kuta laini, huzibwa kwanza, mkia unavimba. Ateri inafuata, nyama inakufa. Loweka kwa maji vuguvugu nusu saa, kisha mwache apite mwenyewe katikati ya taulo bichi. Kama pete imetoka na chini yake pana rangi inayofifia ukibonyeza, mkia utapona. Ukiona mstari dhahiri kati ya nyeusi kavu na ngozi hai, hakuna mafuta ya kupaka yatakayorudisha. Daktari anakata juu kidogo ya mstari huo.

Dalili: amechomwa dawa, hakuna mabadiliko

Wengi wetu hapa tunategemea daktari wa mifugo anayeshinda na ng'ombe na mbuzi. Ni mtu mwema, lakini mkono wake umezoea kuchoma nyuma. Kwa nyoka, damu inayotoka mkiani na sehemu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kufika moyoni. Dawa iliyochomwa huko inaweza kutolewa mapema, na ile yenye ukali kwa figo inafika pale ikiwa nzito. Muombe kwa heshima achome theluthi ya mbele ya mwili, kwenye misuli ya kando ya uti wa mgongo.

Jambo la pili analosahau mwenye nyoka mwenyewe: kumleta akiwa amepoa. Misuli ya nyoka wa nyuzi 18 haipitishi damu ya kutosha, dawa inakaa ilipochomwa kama donge. Mpashe kwanza hadi joto lake la kawaida, mpime uzito asubuhi hiyo hiyo, na mpe daktari daftari lenye joto la banda la siku saba kabla hajauliza.